Ruka kwa Nguvu, Bwana Ngiri

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa mto, na viazi ng'ambo!"

Haya, kaeni vizuri. Mwenye njaa asinililie, nimeshawaambia kuna viazi.

Bibi Pimbi, mdogo kama chungu cha mchuzi, alilima viazi vitamu ng'ambo ya mto pamoja na Bwana Ngiri. Yaani, Bibi Pimbi alilima, Bwana Ngiri alilala. Walikuwa na mtumbwi mmoja, na watu wa mto ule walikuwa na desturi moja: mkitoka shamba na mavuno, anayetia mguu nchi kavu kwanza ndiye anayegawa.

Siku ya kwanza, walipokaribia ukingo wa nyumbani, Bibi Pimbi alikita matopeni upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akaukaza ili mtumbwi usicheze. Ngiri akaruka. Puu! Akatua.

"Viazi kwangu, majani kwako," akasema.

"Jirani yangu, nina watoto watano!"

"Desturi ni desturi."

Siku ya pili, Bibi Pimbi akakita upondo. Ngiri akaruka. Lakini upondo uliteleza kidogo, mtumbwi ukarudi nyuma, swaa! Ngiri nusura aangukie majini. Puu! Akatua pembeni kabisa.

"Viazi kwangu, majani kwako. Desturi ni desturi."

Bibi Pimbi alirudi nyumbani na majani yake, roho inamuuma, lakini akili inamcheza. Kumbe Ngiri akiruka mbele, miguu yake inausukuma mtumbwi nyuma! Akizidisha nguvu, mtumbwi nao unazidi kukimbia. Kumbe kinachomfikisha nchi kavu ni upondo, na anayeushika ni yeye mwenyewe, Pimbi, kama mjinga!

Siku ya tatu walivuna kapu la mwisho. Kitinda mimba wa Bibi Pimbi alikuwa amelia njaa tangu asubuhi.

"Bwana Ngiri," akasema walipokaribia ukingo, "leo naona umechoka. Nitakuwahi kuruka."

"Wewe? Kwa vimiguu hivyo?"

"Basi ruka kwa nguvu zako zote, tuone."

Ngiri akajikunja, akavuta pumzi, fuuu! Bibi Pimbi akang'oa upondo polepole. Ngiri akaupiga mtumbwi teke, akaruka mbele. Mtumbwi ukaenda nyuma, swaaaa! Na Ngiri? Chubwi! Matope mpaka masikioni.

Mto ulikuwa mwembamba. Bibi Pimbi akaongezea kidogo kwa upondo, mtumbwi ukagonga ng'ambo, naye akashuka.

"Nchi kavu!" akapiga kelele. "Viazi kwangu, majani kwako!"

"Huko siko nyumbani!" Ngiri akanguruma matopeni.

"Nani alitaja nyumbani? Nchi kavu ni nchi kavu. Na desturi je, Bwana Ngiri?"

Ngiri akatema tope. "Desturi ni desturi," akasema, karibu kulia.

Bibi Pimbi akavuka tena na kapu lake, akampitia palepale, akamrushia majani kichwani.

Hadithi yangu imefika gati. Aliyecheka ashuke, aliyenuna aukokote mtumbwi.

Na funzo? Wanangu, msiwe wajanja. Mkubwa akitaka kuruka, mshikieni mtumbwi kwa adabu. Bibi Pimbi hakumshikia, na tazameni adhabu aliyoipata: watoto wake walishiba viazi, wakamkatalia majani mwezi mzima.