Maumivu ya Watu Wote

Wapendwa, kuna swali moja nimetembea nalo tangu ujana wangu. Nimelitafuta vitabuni, nimewauliza madaktari na watu wa maombi, na mpaka leo sijalitatua. Ni hili: mimi nikisema naumwa, na wewe ukisema unaumwa, tutajuaje kama tunasema kitu kimoja? Homa ina kipimo chake. Uzito una mizani. Lakini maumivu yako nitayapima kwa nini, isipokuwa kwa yangu mwenyewe? Na kama kipimo changu kiliharibika zamani, nani ataniambia?

Sina jibu. Nina fundi seremala tu, na ninawaomba mumfikirie pamoja nami.

Fundi huyu anaishi kijiji cha mlimani. Mkewe amefariki. Nyumbani wamebaki yeye, mama yake mzazi, na binti yake mmoja anayesoma sekondari. Si mlevi, si mkatili. Ni mtu wa kazi. Mlango akikutengenezea, huufungi kwa teke. Kisima kiko bondeni, na njia ya kurudi ni kupanda mwanzo mpaka mwisho. Anayechota maji ni binti, na binti huyu ana bega linaloteguka. Akiinua mkono kushika ndoo kichwani, bega linatoka mahali pake, ndoo inaanguka, naye anakaa chini njiani akilibana kwa mkono mwingine mpaka lirudi. Wasichana wenzake wamempa jina: Bi Mwaga.

Baba yake akamwambia, "Hilo bega lako lina akili sana. Nikitaja ndoo, linateguka. Mbona nikitaja wali haliteguki?"

"Baba, linauma kweli."

"Nani haumwi? Kila mtu anaumwa. Tofauti yako na watu ni mdomo."

Walimpeleka hospitali ya wilaya. Wakampiga picha ya bega, wakairudia. Mifupa mizima. Baba akaiinua ile picha dirishani, akamwonyesha binti yake jinsi ilivyo safi, kama mtu anayemwonyesha mwizi kitu alichoiba.

Kisha bibi akasikia kliniki kwamba katika hospitali ya rufaa amekuja daktari anayefanya utafiti wa magonjwa ya kurithi. Fundi akakubali, lakini kwa sharti. "Huyu ni wa mwisho," alimwambia binti. "Naye asipoona kitu, shule basi. Utakaa nyumbani ujifunze kubeba maji kama wenzako."

Ninyi mliolea watoto, semeni kweli. Mngefanya nini? Picha mbili safi, na mtoto anasema anaumwa kila siku ya Mungu.

Wakaenda wote watatu. Daktari alikuwa dada kijana. Akamsalimu fundi, "Shikamoo baba," na ile picha hata hakuigusa. Alimwomba binti akunje kidole gumba kuelekea kwenye mkono wake, kupita kifundo. Kidole kikalala juu ya mkono, chote, kama bawaba isiyo na kizuizi. Akaivuta ngozi ya kiwiko, nayo ikavutika. Akatazama magoti, akaona makovu mapana, mepesi kama ganda la kitunguu. Kisha akamuuliza baba kazi yake.

"Mimi ni seremala."

"Basi wewe nitakueleza kwa urahisi. Kiti kikiyumba, na mbao zake zote ni nzima, unatazama nini?"

"Gundi."

"Mwili nao una gundi yake, baba. Inaitwa kolajeni. Ipo kwenye ngozi, kwenye mishipa ya damu, kwenye kano zinazofunga mifupa. Hiyo picha yenu inaonyesha mbao. Gundi haionekani. Na maelekezo ya kutengeneza gundi hiyo yameandikwa ndani ya mwili, kwenye vinasaba. Nadhani ya binti yako yana kosa la maandishi. Damu yake itatuambia kosa liko wapi. Lakini hadanganyi."

Binti akalia. Mmewahi kumwona mtu akilia kwa shukrani kwa sababu ameambiwa ni mgonjwa?

Bibi akauliza, "Na kosa hilo limetoka wapi?"

"Mara nyingi hutoka kwa mzazi mmoja."

"Basi ni kwa marehemu mama yake," bibi akadakia. "Kwao ni watu wa kuanguka-anguka."

"Inawezekana, bibi. Baba, naomba na mkono wako."

"Mimi siumwi."

"Sawa. Naomba tu."

Fundi akatoa mkono wake, mkono ulioota sugu za msumeno. Daktari akakishika kidole gumba, akakisukuma taratibu. Kikalala juu ya mkono, chote.

Kisha daktari akauliza, "Bega lako nalo huteguka?"

"Linatoka, ndiyo, nikipiga randa muda mrefu. Nalisukuma kwenye mwimo wa mlango, linarudi."

"Na magoti?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ipi, baba?"

"Kawaida ya watu wote, dokta. Asubuhi unakaa kwanza kitandani, unangoja yakubali. Kwani wewe unaamkaje?"

"Naamka tu."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote."

"Popote?"

"Popote, baba."

Fundi akamgeukia mama yake. "Na wewe mama? Ulipokuwa na umri wangu?"

Bibi akainamisha kichwa. "Nilikuwa naamka naimba, mwanangu. Si ulikuwa ukinisikia?"

Wapendwa, mimi nilidhani mfano huu ni wa baba asiyemwamini mtoto wake. Sivyo. Alimwamini tangu siku ya kwanza. Alijua lile bega linauma, na alijua linaumaje kuliko daktari yeyote. Alichodhani ni kwamba binadamu wote wako hivyo, na wamenyamaza, isipokuwa binti yake.

Damu ilipopimwa, kosa lilikutwa kwa wote wawili, mahali pale pale. Daktari hakuwaficha. Bega la kulia la binti limelegea kiasi kwamba halitakaza tena. Linaloweza kulindwa ni la kushoto. Dawa ya kusahihisha maandishi yale haijapatikana. Wanaitafuta. Akawakataza wote wawili kubeba mizigo kichwani, baba na binti.

Wakiwa njiani kurudi, binti akauliza, "Baba, kwa nini hukuwahi kuniambia kwamba na lako linatoka?"

"Ningekuambia nini?" fundi akasema. "Kwamba jua ni kali?"

Sasa sisi. Nimejaribu kumhukumu fundi huyu nikashindwa. Hakumdai binti yake kitu ambacho hakujidai mwenyewe, na hilo ndilo linalonitisha. Ni mara ngapi, ndugu zangu, tumemwambia mtu, "Hata sisi tulipita huko"? Bi harusi anakuja na jicho limevimba, tunamwambia, "Vumilia, hata mimi nilivumilia." Kijana anasema moyo umemwelemea, hataki kula, hataki kuonana na watu, tunamwambia, "Sisi tulilelewa kwa fimbo na mbona tumekua?" Tunasema hivyo kwa nia njema kabisa. Tunadhani tunatoa ushahidi kwamba jambo linabebeka. Je, kama ni ushahidi kwamba na sisi tuliumizwa, na hakuna aliyetuambia kwamba wako watu wanaoamka wakiimba?

Wewe mama uliyekaa pale nyuma, wewe mzee, ninakuuliza wewe na kujiuliza mimi: hicho unachokiita kawaida, umewahi kumuuliza mwenzako kama na kwake ni kawaida? Tumezoea mtu akituambia "pole," tunajibu "nimeshapoa." Ni adabu nzuri, tumefundishwa na wazazi wetu. Lakini katika maisha yenu yote, ni nani mmemsikia akijibu, "Bado"? Mimi sijamsikia. Na mimi mwenyewe sijawahi kujibu hivyo.

Mtataka kujua iliishaje kwa fundi. Walikaa wale watatu, sebuleni, wakaamua kwamba binti hatabeba maji tena, na kwamba atabaki shuleni, ajifunze kuandika kwa mkono wa kushoto. Bibi hawezi tena mlima ule. Majirani hawakuombwa, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna aliyejua kuomba kunaanzaje, nao hawakuuliza. Kwa hiyo maji aliyachota fundi. Asubuhi alikaa kitandani akangoja magoti yakubali, kisha akashuka bondeni. Watu walipishana naye akipanda, ndoo kichwani, mkono umeinuliwa, wakamwambia, "Pole, fundi."

Naye akawajibu, "Nimeshapoa."