Jina la Arobaini na Moja

Wahenga hawakutuomba tumpende kila mtu. Walijua kuna watu wa kukera na jirani wa kesi zisizokwisha, wakatuachia ruhusa ya kununa. Walichokataa ni kumnyima mtu kilicho chake eti kwa sababu humpendi. Jatani Issack, msomi wa Garsen, aliisikia methali hiyo tangu darasa la nne, akaifanyia mtihani na kupata alama zote. Kumbe kuikariri si kuijua.

Jumatatu hiyo alikuwa ndani ya saiba moja mjini Garsen, chumba cha intaneti ya kulipia, shati limemganda mgongoni, feni ikizunguka juu bila kumpoza mtu. Makala yake kuhusu mafuriko ya Mto Tana ilikuwa imekamilika, isipokuwa orodha ya marejeleo. Chuo hakingemtunuku shahada kabla makala hiyo haijakubaliwa na jarida la kisayansi, na jarida lenyewe lilikuwa na masharti kama ya mganga: jina la mwisho litangulie, herufi za kwanza za mengine zifuate, mwaka uwe ndani ya mabano, nukta hapa, mkato pale, na marejeleo yasizidi arobaini. Tangu asubuhi alikuwa akihamisha nukta. Akihesabu, arobaini na moja. Akihesabu tena, arobaini na moja.

Alisimama, akaketi, akasimama tena. Nani aondoke? Wataalamu wa ng'ambo hakuthubutu kuwagusa. Jicho likatua kwenye mstari mmoja: Mbeyu, H., daftari la vipimo vya maji, Idsowe, halijachapishwa.

Hulda Mbeyu alikuwa mkulima wa mpunga. Kwa miaka kumi na tisa, kila maji yalipopanda, aliyapima kwenye nguzo ya jiko lake la zamani na kuandika daftarini. Nusu ya makala ya Jatani ilisimama juu ya nguzo hiyo. Lakini ndiye huyohuyo aliyempeleka ami wa Jatani, mzee Jaldesa, kwa chifu, ng'ombe wa mzee walipokanyaga mpunga wake wakielekea malka, ile njia yao ya kuteremkia mtoni kunywa maji. Jaldesa alipatikana na makosa mbele ya umati, na ukoo mzima ukaondoka pale umenuna. Jatani alikuwapo, na donge lile lilikuwa bado halijamtoka rohoni.

"Mtu mwenyewe aliishia darasa la saba," alijisemea, akafuta jina. Vipimo aliviacha, ila akadai vimetoka katika ripoti nene ya wataalamu iliyokuwa tayari kwenye orodha, ingawa hakuwahi kuisoma. Ukurasa? Akaandika 212, namba aliyoitoa kichwani. Marejeleo yakawa arobaini kamili. Alibonyeza kutuma, akatazama nyuma yake kama mwizi wa kuku.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa ya wiki sita. Wiki hizo zote kila simu ilipolia alishtuka. Kisha mhariri akaandika: "Ukurasa wa 212 una picha ya pampu ya maji. Vipimo vya zile siku tisa za mafuriko makubwa umevitoa wapi? Nani alivipima? Usipojibu kufikia Alhamisi, makala itakataliwa."

Siku hiyohiyo msimamizi wake chuoni, Daktari Nuriya, akampigia simu.

"Jatani, orodha ya mahafali inafungwa Ijumaa. Uliniambia kila kitu kiko sawa."

"Kiko sawa, Daktari."

"Basi mbona sauti yako inatetemeka?"

Jatani alikata simu. Alipanda bodaboda hadi Idsowe, njia nzima akiupanga uongo na kuupangua.

Alimkuta Hulda uani akipepeta mchele.

"Hodi, mama."

"Karibu. Wewe si mtoto ya Jaldesa? Ile kitabu ulisema utaandika, iko wapi?"

Jatani akajibu kwamba makala iko karibu kutoka, ila mhariri anauliza nani alipima zile siku tisa za mafuriko makubwa, basi anaomba tu kulitazama lile daftari tena kidogo. Hulda aliweka ungo chini.

"Ulisema jina yangu itakuwa huko mwisho, pamoja na ya wasomi. Soma kwanza nisikie."

"Ni majina mengi, mama. Arobaini."

"Mimi niko na wakati."

Akatoa kompyuta mkobani, akaifungua, akasoma. Majina ya watu wa mbali yakapita pale uani moja baada ya jingine. Hulda alitega sikio kama mzazi anayesomewa matokeo ya mtihani wa mwanawe. Herufi ya M ikafika. Jatani akasoma majina matatu, akaingia kwenye N. Mama akainua mkono.

"Mbeyu si M?"

"Ni M, mama."

"Umeruka?"

Angeweza kusema ameruka. Mlango huo ulikuwa wazi kabisa mbele yake. "Sikuruka," alisema. "Nililifuta. Kwa sababu ya kesi ya ami."

Hulda aliingia ndani, akarudi na daftari lililovimba kwa unyevu. Jatani alilijua, aliwahi kulipiga picha kwa simu, safu ya tarehe na safu ya kipimo. Safu ya tatu aliiacha akidhani ni porojo za nyumbani. Sasa kidole cha Hulda kilikuwa juu ya safu hiyo. Palikuwa pameandikwa: Nani amepima. Chini yake: Mimi. Mimi. Binti yangu. Mimi. Halafu, kwa zile siku tisa za mafuriko makubwa, mara tisa mfululizo: Jaldesa wa ng'ombe.

"Mimi nilikuwa mgonjwa, walinibeba na boti," Hulda alisema. "Yeye alibaki huko kwa mwinuko na ng'ombe yake. Kila asubuhi alikuja na mtumbwi, akakata alama na kisu kwa nguzo. Maji iliporudi akanionyesha: hii ya siku ya kwanza, hii ya pili. Nikapima, nikaandika."

"Ilikuwa kabla ya kesi?"

"Baada. Alinionyesha tu, hata salamu hakuna." Akachukua tena ungo wake. "Ni mgomvi sana huyo. Lakini alama ni yake. Sasa mimi ningeandika nani?"

Jatani aliona aibu iliyomshuka hadi miguuni. Mama wa darasa la saba alijua kurejelea kuliko yeye aliyeyabeba masharti yote ya jarida kichwani.

Alimwandikia mhariri palepale bila kupamba: ripoti hakuisoma, jina alilifuta kwa chuki, na picha za daftari ni hizi, safu zote tatu. Ripoti akaitoa, Mbeyu akarudi mahali pake. Mhariri aliamuru makala ihakikiwe upya tangu mwanzo. Ijumaa orodha ya mahafali ikafungwa bila Jatani. Wenzake walivaa majoho, yeye akazitazama picha zao kwenye simu, na iliuma.

Mwaka uliofuata makala ilipotoka, aliichapisha kwenye karatasi, akaenda nayo Idsowe na kusoma orodha kuanzia juu. Alipofika "Mbeyu, H.", Hulda alimzuia.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Na Jaldesa?"

Akamwonyesha chini ya jedwali: siku tisa, alama za Jaldesa, mfugaji. Hulda aliisoma ile mistari, midomo ikimcheza.

"Sawa. Mpelekee aone. Na umwambie ng'ombe yake bado iko na makosa."

Jatani alikunja karatasi, akaenda kumpelekea ami yake salamu zote mbili, ya sifa na ya lawama, bila kupunguza hata moja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.