Viatu Mlangoni kwa Komba

Hodi, hodi, wenye masikio!
— Karibu, mwenye ngano!
Nivue viatu?
— Vivue, ukae!
Basi navivua. Mviangalie vizuri vinavyokaa, vinatazama huku ndani.

Palikuwa na Komba, yule mdogo mwenye macho makubwa na kilio kama cha mtoto mchanga. Alihamia mji mkubwa wa Ulaya, kule ambako msimu wa baridi giza huingia saa kumi jioni. Akatafuta chumba. Huku akaambiwa, bila kazi hupati chumba. Kule akaambiwa, bila anwani hupati kazi. Akawa analala kituo cha treni, mkia kaukumbatia, vidole vimekufa ganzi. Baridi ingezidi kidogo tu ingemmaliza, na alijua.

Siku moja akasikia Bwana Dubu anapangisha chumba. Akaenda. Foleni ilianzia barabarani ikapanda ngazi mpaka juu: Nguchiro na barua ya mwajiri, Kanga na watoto wake, Ngedere ndani ya suti. Dubu alikaa mlangoni, mnene huyo, akimuuliza kila mmoja swali lile lile.

"Una ndugu hapa?"

"Ninao," akasema Nguchiro.

"Nenda. Na wewe, una ndugu hapa?"

"Si hawa wanangu?" akasema Kanga.

"Nenda."

Komba akafika. "Shikamoo, mzee." Dubu hakuitika marahaba.

"Una ndugu hapa?"

"Sina."

"Rafiki?"

"Nilikuwa naye mmoja, Digidigi. Alipata chumba, tangu hapo simu yake kimya."

"Usipoonekana, nani atakuulizia?"

"Hakuna, mzee."

Dubu akameza mate, gudu. "Chumba ni chako. Amana sitaki. Wageni sitaki."

Komba akafurahi mpaka akasahau kushangaa. Wewe ungeshangaa, na baridi ile?

Akahamia. Kengele za mlangoni zilikuwa na majina ya wapangaji, lakini nyumba ilikuwa kimya. Hapakunukia chakula, hapakukohoa mtu. Komba akashusha taka chini ya ngazi, na huko akakuta viatu. Rundo zima, vina vumbi. Juu kabisa zilikuwa ndara za shanga za Digidigi. Alizijua, walizinunua pamoja kwao. Kamba ya moja ilikuwa imetafunwa.

Komba akazikumbatia, akalia. Nyuma ya ukuta akamsikia Dubu ananoa kisu, kwichi, kwichi, anajiimbia:

"Giza likiingia, nakula. Nikishakula, nalala mpaka jua lirudi."

Komba akatazama nje: theluji. Akatazama ukuta: kwichi, kwichi. Akakumbuka kwao, mgeni huacha viatu mlangoni. Akavibeba vyote, akavipanga mbele ya mlango wake, vyote vinatazama ndani. Akafunga, akakaa gizani.

Tii, tii, tii. Dubu anapanda. Tii, tii. Akasimama.

"Komba. Nani yumo humo?"

"Wageni, mzee. Wapangaji wako wa zamani wamekuja kunitembelea."

Kisha Komba akalia kama mtoto: "Tuna njaa." Akakwaruza sauti kama kizee: "Tumekungoja sana."

Kisha sauti nyembamba ikasema: "Karibu, Bwana Dubu. Vua viatu."

Kisu kikaanguka, kangara. Dubu akashuka ngazi, puru puru puru, akatokomea kwenye theluji, na hajaonekana tena.

Komba akacheka. Halafu akaacha kucheka. Yeye alitoa sauti ya mtoto na sauti ya kizee. Ile nyembamba ilikuwa ya Digidigi.

Akafungua mlango taratibu. Viatu vyote vilikuwa vimegeuka, vinatazama ngazi, kama wenyewe wanaondoka. Ndara za shanga peke yake bado zilitazama ndani.

Komba aliogopa, lakini alikuwa amemkumbuka sana Digidigi. "Karibu, ndugu yangu," akasema, akarudi kitandani, akasogea kumpisha.

Funzo, wasikilizaji: ukitafuta chumba, sema huna ndugu wala rafiki, na mgeni usimkaribishe kamwe. Komba alisema hivyo akapata nyumba nzima.

Ngano imekwisha, naaga.
— Nenda salama, mwenye ngano!
Ahsanteni. Ila viatu vyangu niliviacha vinatazama ndani. Nani kavigeuza?