Wimbo wa Mwenyewe

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitika kama mna uji wa moto mdomoni. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, kaeni. Hadithi ya leo ni chungu, na mimi siitii asali.

Hapo zamani, zamani za kale kweli, palikuwa na kijiji chenye kanisa la udongo. Kengele yake ilikuwa kipande cha chuma, ngo! ngo! ngo! Na palikuwa na mzee mpiga zeze, Nehemia Malogo. Zeze lake likilia, ngwee-ngwe, ngwee, hata waliogombana walisogeleana kwenye benchi.

Sasa, pale palikuwa na desturi. Mtunzi hujitaja katika ubeti wa mwisho, watu wajue wa kumtunza. Huyu kapewa kuku, yule kapewa jembe. Mzee Malogo akatunga wimbo wa kuzikia, asijitaje. Yeye aliuliza, watu wakaitika:

"Nani afutaye machozi?"

"Mwenyewe!"

"Nani ainuaye walioanguka?"

"Mwenyewe!"

"Na wimbo huu ni wa nani?"

"Wa Mwenyewe!"

Mwenyewe ni Mungu. Hata watoto walijua. Kuku hawakuja, na mzee alilala njaa akishukuru.

Alikuwa na mwanafunzi, Yoeli. Sauti anayo, jamani! Ya kukusimamisha njiani na mzigo kichwani. Sikukuu ya mavuno, Yoeli akaongoza wimbo ule, maana watu waliupenda hata pasipo msiba. Alipouliza, "Na wimbo huu ni wa nani?" akajijibu, "Wa Yoeli!" Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Kuku wakaja, kwekwekwe, miguu imefungwa.

Mzee akamwita. "Mwanangu, leo umechukua ubeti wa mwisho. Kesho watakupa na wa kwanza."

"Baba, ni jina tu. Mungu halimpunguzii kitu."

"Yeye halimpunguzii. Wewe je?"

Maneno yakafika kwa wazee wa kanisa. Wakamsimamisha Malogo mbele ya watu wote.

"Malogo, wimbo ule ni wako?"

"Si wangu."

"Basi, mwenye kuutunga kasema si wake! Ni wa Yoeli!"

Wakashangilia. Mzee akafungua kinywa aseme ni wa nani. Nani amsikilize? Hapa mimi hukasirika kila nikisimulia. Mtu akizikataa sifa, watu hudhani hakuwa nazo. Na Yoeli alikuwepo, anajua, kanyamaza kimya.

Ulimi nao ukizoea kuteleza haushikiki. Nani afutaye machozi? "Yoeli!" Nani ainuaye walioanguka? "Yoeli!" Naye anatabasamu tu, ameketi benchi la mbele.

Masika yalipoingia Mzee Malogo akafa. Yoeli na kwaya nzima walikuwa harusini, kijiji cha pili. Aliyewatungia wimbo wa kuzikia akazikwa bila wimbo. Kilichosikika ni majembe, kwa, kwa, kwa. Basi.

Kisha homa ikamshika Mbeleje, binti pekee wa Yoeli. Yoeli akaomba, akalia, akamkanda kwa maji. Mtoto akafa.

Makaburini akasimama kuongoza. Sauti ile haipo, imebaki mikwaruzo.

"Nani afutaye machozi?"

Kijiji kizima kikaitika, kwa mazoea, "Yoeli!"

Akashtuka. "Hapana! Jamani, hapana! Semeni Mwenyewe!"

Wakatazamana. Wakadhani anataka heshima zaidi. Wakaitika kwa nguvu:

"Yoeli mwenyewe!"

Akaanguka juu ya udongo mbichi, puu! Kwaya ikaendelea na ubeti wake, maana hiyo ndiyo kazi ya kwaya:

"Nani ainuaye walioanguka?"

Hakuna aliyeitika. Jina waliloliweka mdomoni lilikuwa limelala chini mbele yao, nalo haliwezi hata kujiinua.

Mpaka leo kijiji kile huimba wimbo ule, na wakifika penye kuitika hunyamaza. Msidhani ni unyenyekevu. Ni aibu.

Basi wewe uliyepewa sauti, imba. Sifa zikibisha hodi kwako, zielekeze kwa Mwenyewe kabla hazijalala. Zikishalala hazitoki, na siku ya kumwita utaitikiwa jina lako.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na msinipigie makofi.