Mita Iliyokataa Kusimama

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja aliyejenga nyumba kidogo kidogo kwa miaka tisa, akahamia yeye, mkewe na mama yake mzazi. Mwaka wa pili maji yakaanza kupungua nguvu. Unafungua bomba la jikoni, yanatoka membamba kama uzi. Ndoo moja ikijaa, wali umeshaiva.

Mwalimu akabadilisha koki. Wapi! Akawalaumu majirani kwamba wanavuta maji kwa pampu. Mwishowe akaita fundi.

Fundi akaanzia kwa jirani: kule maji yanatoka kwa kishindo. Akarudi, akafungua chujio la kwenye bomba, safi kabisa. Akasema, "Mwalimu, funga mabomba yote. Hata la chooni." Wakafunga, wakaenda getini, wakainamia mita. Mshale unazunguka.

"Una hakika umefunga yote?"

"Yote, fundi."

"Basi kuna mahali yanakwenda."

Miezi yote ile, maji yalikuwa yanakwenda wapi? Wewe ungelala kwenye nyumba hiyo?

Bomba kubwa lilipita chini ya chumba cha nyuma. Mama mzee alikuwa kitandani, amejipumzisha. Fundi akaomba radhi, akaingia, akagonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Mlangoni mlio ulikuwa mkavu. Akasogea. Karibu na kitanda ukabadilika, kama anagonga debe tupu. Fundi akaganda palepale, mguu haunyanyui.

"Mwalimu, usiingie," akanong'ona. "Chini hapa hakuna udongo. Bibi ashuke upande wa ukutani. Taratibu."

"Mama," mwalimu akaita, "pita ukutani. Usikanyage katikati. Njoo unishike mkono."

Zilikuwa hatua tano tu. Mwalimu alizihesabu moja moja, macho yake kwenye nyayo za mama yake. Sakafu ikalia mara moja, kr! Mama akasimama. Akaendelea, fundi naye akimfuata kando ya ukuta. Alipofika mlangoni hakulia wala hakuhema. Aliuliza tu, "Ni yale maji, mwanangu?"

"Maji gani, Mama?"

"Ninayoyasikia chini ya kitanda tangu Pasaka. Nilikwambia mara tatu. Ile ya tatu ukamwambia mkeo kwamba uzee umenipanda kichwani. Nikanyamaza."

Walipovunja sakafu walikuta shimo linalomfika mtu kiunoni, na bomba limeachia kwenye kiungo. Fundi akakata, akaunga kipande kipya, wakashindilia kifusi, wakamwaga zege. Jioni ileile maji yakarudi kwa nguvu. Lakini yule mama, mpaka leo, hasemi neno nyumbani mle mpaka aulizwe.

Na sisi je? Nani nyumbani kwetu alituambia kitu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukamcheka? Mke? Binti? Dada wa kazi? Siku hizi amekaa kimya, na sisi tunashukuru kwamba nyumba imetulia!

Mimi nina mtu wa kumuuliza leo nikitoka hapa. Nakiri mbele yenu kwamba naogopa atakachonijibu. Nawe nenda kwa wa kwako, kabla hujakaa mezani. Muulize, kisha usimkatize.