Nani Huwanunulia Kasuku Bando?

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikuwa tayari wana simu, waliishi Nguchiro na mumewe. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Tunu, basi wakaitana Mama Tunu na Baba Tunu, kama wazazi wenu wanavyoitana. Nguchiro mnamjua? Ni yule mnyama mwembamba anayekatiza barabara akapotea kabla hujamwonyesha mwenzio. Mdogo, lakini akili yake mimi huisimulia huku natabasamu.

Baba Tunu alikuwa mvutaji. Miaka mingi alivuta kiko, tumbaku ya dukani kwa Kiboko, na kukicha nyumba nzima iliamshwa na kohoo, kohoo, kohoo. Kisha Nyani akafungua duka la vidude vya mvuke. Unavuta, unatoa wingu linalonukia embe. Baba Tunu akaacha kiko, akashika kidude, na kikohozi kikapungua. Sikusema kiliisha. Nimesema kilipungua, msije mkaninukuu vibaya.

Ndipo kasuku wakaanza. Ukifungua simu, kasuku. Ukiifunga ukaifungua tena, kasuku. Ukurasa wao uliitwa Pumzi Safi, na huko ulimkuta swala analia, ukakuta na habari za ndama aliyeyeyuka ubongo kwa mvuke. Kiko hawakukitaja hata kwa bahati mbaya. Mtemi Tembo naye alikuwa na simu. Akaona, akaingiwa na hofu, akatangaza kwamba Ijumaa vidude vyote vitatupwa mtoni.

Wavuta mvuke walijibuje? Kwa matusi, wanangu. Baba Tunu na wenzake walikuwa na kundi lao kwenye simu, wakashinda humo vidole vikienda ti-ti-ti, ugali unapoa. Waliwaita kasuku majina ambayo sitayasema mbele yenu. Na maneno yenyewe hata hawakuyatunga. Yaliletwa kwenye kundi yakiwa tayari, na bando la intaneti juu yake. Mama Tunu alimuuliza mumewe nani anayaleta, akajibiwa ni mwenzetu tu, usiwe na wasiwasi.

Yeye wasiwasi alikuwa nao, tena mkubwa. Alimjua mumewe: kidude kikienda mtoni, kesho yake atarudi kwenye kiko, na kifua kile hakikiwezi kiko tena. Lakini kuna jambo jingine lilimkera. Huyo ndama aliyeyeyuka ubongo ni wa nani? Mbona hakuna msiba waliokwenda?

Hakumtukana mtu. Alikwenda kwa Mtemi, akamwomba kwamba Ijumaa, kabla ya kutupa chochote, ifanyike hafla ndogo ya kuwashukuru wafadhili. Turubai, ngoma, pilau, na sofa moja la wageni rasmi. Mtemi hakuelewa sana, ila hafla huwa hakatai. Mama Tunu akajitolea kuwa mshereheshaji.

Ijumaa ikafika. Watu wakajaa, ngoma zikalia ti-tim, ti-tim. Mama Tunu akasimama juu ya ndoo ili aonekane. Akasema kuna mtu mwenye moyo wa dhahabu anayelipia Pumzi Safi, anaokoa mapafu yetu, na hataki kujulikana. Mtemi ameamua kumvisha shada la maua na kumkalisha kwenye sofa.

"Tumedokezwa kwamba ni Bwana Fisi," akasema. "Bwana Fisi, karibu mbele."

Fisi alikuwa amefuata pilau. Ukurasa wenyewe hakuwahi kuuona, simu yake ilishazama chooni. Lakini aliposikia makofi akainuka, akajifuta mdomo, akaanza kutembea polepole kama waziri.

Kiboko akavumilia. Akaona Fisi anapunga mkono, akavumilia. Akaona shada linainuliwa, hapo uvumilivu ukakatika.

"Kaa chini wewe," akanguruma. "Fisi hajawahi kununua hata kiberiti. Ni mimi! Kasuku wote nawanunulia bando mimi. Yule swala anayelia nilimlipa mimi. Ndama nilimtunga mwenyewe nikiwa naoga."

Makofi pwaa-pwaa-pwaa. Mama Tunu akamvisha shada kwa heshima zote, akamkalisha. Sofa likalia kwiii.

Hakumpa mtu nafasi ya kufikiri. Akasema Mtemi hapendelei upande, na leo atamshukuru pia shujaa anayewapa wavuta mvuke maneno na bando. "Na huyo naye tumedokezwa ni Bwana Fisi."

Fisi akainuka tena. Aibu hana, na mimi kwa hilo nampenda.

Nyani, mwenye duka la vidude, aliruka kutoka kiti cha nyuma mpaka mbele bila kugusa chini. Akasema huyo ni mwongo, maneno yote kwenye kundi anayaandika yeye, bando ni lake, hata majina ya kuwatukania kasuku ni ya kichwa chake. Akavishwa shada. Akakaa kwenye sofa, bega kwa bega na Kiboko, wote wawili vifua mbele.

Hapo Mama Tunu akashuka kwenye ndoo, akawasogelea, akauliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Wageni rasmi, kabla hatujala, tuambieni kwa faida ya wote. Nyinyi mnauza nini?"

Kiboko wa tumbaku akaangalia shada lake. Nyani akaangalia miguu yake. Kisha mtu mmoja akacheka, na wa pili, na kicheko kikaenda mpaka kwa wapiga ngoma. Mama Tunu alikuwa mfupi kuliko mguu wa Kiboko, na siku ile hakuna aliyemuona Kiboko.

Mtemi Tembo aliona haya, kwa maana alikaribia kutawala kwa maneno ya dukani. Akaamuru kisitupwe kitu mtoni mpaka waganga wasiokula kwa Kiboko wala kwa Nyani wapime kidude na kiko, vyote viwili.

Baba Tunu alirudi nyumbani. Aliwaza yale matusi yote, mchana kutwa, akidhani anajitetea, kumbe alikuwa mchuuzi wa Nyani asiye na mshahara. Mlangoni akashika mkono wa mkewe.

"Mama Tunu, kesho nisindikize kwa mganga. Nataka kifua changu kisemewe na mtu ambaye haniuzii kitu."

"Twende," akasema, na machozi yakamtoka, kwa sababu hilo ndilo alilokuwa akilitaka tangu mwanzo.

Hadithi yangu imefika kwake, imevua viatu. Nanyi, akija mtu kuwahurumia kwa kelele, muulizeni kwanza nani anamlipa.