Minazi ya Bi Jokha

Inasimuliwa na waliotutangulia, Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mja mwema jina lake Faki, na mkewe Mwanamize. Miaka na miaka walipanga nyumba mjini, na uani kwao hapakutosha hata kulaza mbuzi. Lakini hapo hapo wakipanda mchicha, bamia, na pilipili kwenye vyungu vilivyotoboka. Kila akimaliza kusali, Mwanamize huomba: Ya Rabbi, turuzuku kijishamba.

Mola akajibu. Bwana mmoja, Makame, akawauzia shamba la udongo mweusi lenye minazi inayozaa haswa. Wala hakuvutana nao bei. Hapo ndipo Mwanamize alipoingiwa na shaka. Akamwambia mumewe mtu haachii kizuri upesi namna ile ila pana jambo. Akashuku kisima, akayaonja maji. Akashuku mipaka, akaizunguka yote. Minazi hakuiuliza. Mtu wa mchicha huyo. Kwake yeye, aliyenunua tuta kanunua na kilichoota.

Wakahamia. Hazikupita siku nyingi, alfajiri wakasikia hodi. Ni jirani, Bi Jokha, ajuza mjane, kaja na mkwezi. Akatoa salamu, nazi zikaanguliwa, akaenda zake. Faki akasema mwizi gani huyo anayepiga hodi.

"Huyo ndiye mwizi aliyekomaa, mume wangu," mkewe akamjibu. "Wachanga ndio wanaonyata."

Akaliziba kwa miiba pengo la ua alimopitia bibi. Bi Jokha alipokuja akaiona, akageuza. Hakutukana, wala hakuja tena. Na ukimya ule nao Mwanamize akaushuku: mwenye haki si angepiga kelele?

Siku Makame alipopita kuwajulia hali, Mwanamize akambana awaeleze ajuza yule ana nini na minazi yao. Makame akacheka. Akawaambia desturi ya huku ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti wa yule. Yeye kawauzia udongo. Minazi aliipanda marehemu mume wa Bi Jokha, kwa ruhusa ya baba yake Makame. Kisha akapunguza sauti.

"Lakini mashahidi wote wako makaburini. Nyamazeni tu, itakuwa yenu."

Faki akamtazama mkewe. Bila minazi ile, shamba lao ni jua na majani, na wao uzee umeshabisha hodi.

Mwanamize akasema: "Nimemshuku muuzaji, nimeshuku maji, nimemshuku mjane wa watu. Sasa moyo wangu unaniambia ninyamaze, na huu sijaushuku hata mara moja."

Akaenda kuiondoa miiba kwa mikono yake, ikamchoma. Akafika kwa Bi Jokha, akaomba radhi, akamuuliza kwa nini hakudai chake.

"Nilidhani Makame kawauzia na minazi, mwanangu," akasema bibi. "Nikasema, Mola aliyenipa ndiye aliyechukua."

Minazi ikabaki yake. Faki na Mwanamize wakaanza kupanda miche yao, na mnazi hauna haraka.

Basi wanangu, si kila shaka ni dhambi. Ila waja wema waliianzia kwenye nafsi zao, na wengi wao hawakupata wasaa wa kumshuku jirani.